Chumvi ya Shangazi Mbele ya Moto

Kazi yangu ni kunywesha moto maji. Nikisema hivyo msibani au harusini, mtu anaponiuliza siku hizi nafanya nini, watu hucheka na kudhani nawatania. Lakini ndivyo ilivyo. Katika maabara yetu hapa Kisangani kuna mashine yenye ukubwa wa redio ya zamani, na ndani yake kuna moto mdogo wa bluu unaowaka nyuma ya kioo. Pembeni unaning'inia mrija mwembamba. Unachovya ncha ya mrija kwenye maji uliyoyeyushia kitu, iwe udongo, iwe majani, iwe majivu. Hewa inayavuta maji yale, inayapasua kuwa ukungu, na ukungu unaingia motoni. Moto ukishaonja, unabadilika rangi. Ukigeuka njano, ameingia sodiamu, yule aliyemo kwenye chumvi ya duka. Ukigeuka zambarau hafifu, ameingia potasiamu. Mashine inaitazama rangi hiyo kupitia kioo maalumu, kisha inakupa tarakimu.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka, na bado kuna siku siielewi hata kidogo. Kwa mfano, maji mengi yanayovutwa hayafiki motoni kabisa. Matone makubwa yanaanguka njiani na kushuka kwenye kopo lililo chini ya meza, na ni ukungu mwembamba tu unaopanda juu. Kwa hiyo tunapima kidogo na kumwaga kingi, halafu tunasema tumejua yote. Chef wetu, yaani mkuu wa maabara, mzee mpole aliyesomea udongo wa mashamba kule Yangambi, hunijibu kwamba hata wewe hunywi sufuria zima ili kuonja mchuzi. Huwa namkubalia kwa mdomo.

Mimi si mvumilivu. Marehemu mama, mtu wa Maniema, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ndita, na mkunga ndiye aliyeniomba radhi. Kitu kisiponieleza maana yake upesi, nakigombeza. Nimewahi kuigombeza mashine ile mpaka chef akafunga mlango, wateja wasisikie.

Sasa baba. Baba alipanga mizigo ya ndege kwenye uwanja wa Bangboka mpaka alipostaafu, na mgongo ule uliobeba masanduku ya watu wazito sikuwahi kufikiri utainama. Mwaka uliopita miguu yake ilianza kuvimba. Hospitalini wakasema ni figo. Daktari akamkataza chumvi, akampa dawa, akampa na orodha ndefu ya vitu vya kuviogopa. Tukarudi nyumbani Kabondo, nikaanza kumpikia bila chumvi.

Kumbe hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kwa kweli. Baba alikuwa akitazama sahani kama mtu anayetazama barua ya lugha asiyoijua. Anachukua tonge la foufou, anachovya, anatafuna, anaacha. "Mama," ananiambia, maana nimebeba jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "hii si chakula. Hii ni kazi." Akazidi kukonda. Nilimbembeleza, nikamkemea, nikalia jikoni. Hakuna kilichosaidia.

Ndipo akaja shangazi. Ni dada mkubwa wa baba, anaishi mbali, huko juu mto unakotoka, na sisi wote tunamwita Tantine. Alishuka kwenye baleinière, ile boti ndefu ya abiria, na kikapu kichwani, na ndani ya kikapu mlikuwa na vifurushi vya majani vilivyofungwa kwa kamba. Alikuwa ameleta chumvi ya majivu. Kule kwao wanavuna magugu-maji, wanayakausha, wanayachoma, wanayachuja majivu kwa maji, kisha wanayachemsha maji yale mpaka yabaki mavumbi ya kijivu. Bibi zetu walipikia hiyo kabla ya duka lolote kujengwa.

"Ile munganga alikataza ni mungwa ya duka," shangazi alisema, akimfungulia baba kifurushi. Munganga ni daktari, mungwa ni chumvi kwa Lingala, na shangazi husema Kiswahili chetu kwa kuchanganya, zaidi kwa heshima ya mama ambaye hayupo. "Hii ni mungwa ya bankoko. Haina mubaya."

Baba akatia chembe ya hiyo chumvi ya mababu kwenye samaki. Akala. Akaomba tena. Sikuwa nimemwona akiomba tena tangu mvua zilizopita, na nilifurahi kiasi cha kusahau kuuliza chochote.

Nilikumbuka kuuliza nilipokwenda kuchukua dawa zake. Daktari aliweka kalamu chini. "Madame, miye sijue nini iko ndani ya majivu. Kama ni potassium mingi, donc ni mubaya kupita ile nilimukatazaka. Figo yake haiwezi kuitosha inje. Itabaki ndani ya damu, na moyo unaweza kusimama." Nikamwomba ampime damu. Akasema vifaa vya kipimo hicho vimekwisha na vipya havijafika. Kisha akanitazama kwa mshangao. "Lakini weye si unatumika kwenye labo? Pima hiyo mungwa. Na mbele ya kupima, aache kukula."

Nilimfikishia baba maneno hayo jinsi yalivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono. "Pima," akasema. "Kama mashine yako inasema ni sumu, nitaacha. Lakini sitaacha chakula yangu juu ya 'kama' ya munganga."

Nikasema nitapima kesho yake. Shangazi, aliyekuwa anasikiliza kutoka mlangoni, akasema atakuja nami. Chumvi ni yake, mikono iliyoitengeneza ni yake, na kama kuna kesi basi mshtakiwa ana haki ya kuwapo.

Alikuja na kikwembe chake, kitenge cha kanisani. Chef alimpa kiti karibu na mashine na kumwamkia kwa adabu zote. Niliyeyusha kijiko cha chumvi yake kwenye maji safi, maji yakageuka kijivu kisha yakatulia, nikayachuja. Nikachukua kibomba cha kupimia na chupa kubwa ya maji ili nizimue, kama tunavyofanya kwa kila kitu kizito.

"Weye, unafanya nini?" shangazi akauliza.

"Nayaongeza maji, Tantine."

Akasimama. "Mayi ya nini?"

Hapa lazima nieleze kidogo. Mjini kwetu, mtu anayeongeza maji ni mwizi. Anatia maji kwenye mawese, anatia kwenye pombe, anatia hata kwenye petroli, na jina lake linajulikana soko zima. Mama mwenye heshima zake anauza kitu kama kilivyotoka. Shangazi alikuwa ameuza mafuta miaka yote bila kuambiwa neno hilo, na sasa binti wa ndugu yake alikuwa anamimina maji mbele ya macho yake, mchana kweupe, na bila aibu.

"Moto huu mdomo wake ni mdogo," nilijaribu. "Hauwezi kumeza kitu kizito. Tunapunguza, halafu tunapiga hesabu."

"Ukipima mutu urefu, unamukata miguu kwanza?"

Hasira zikanipanda, nikaona maneno yanakuja ambayo hayasemwi kwa dada ya baba, nikayameza. Chef alikuwa anacheka chinichini. "Laisse," akaniambia. "Mupimie vile anataka. Nyuma utapima vile tunajua." Akachukua kofia yake akaenda mjini kufuatilia chupa ya gesi, kwa kuwa hapa gesi husafiri mbali kabla ya kutufikia na huwezi kumwachia mtu mwingine kuifuatilia.

Basi nikachovya mrija kwenye maji yale mazito.

Moto uliruka zambarau, zambarau ambayo sijawahi kuiona kwenye udongo wowote wa Yangambi. Tarakimu ikapanda mpaka mwisho wa kipimo na kukwama hapo. Nikapunguza ukali wa mashine. Nilipoinua macho, tarakimu ilikuwa inashuka. Nikangoja itulie. Haikutulia. Ilishuka polepole, na rangi nayo ikawa inarudi bluu, kana kwamba ile chumvi ilianza na kelele kisha ikakiri haina kitu. Nikautoa mrija, nikaupangusa, nikaurudisha. Ikashuka zaidi.

"Inashuka!" shangazi akapiga makofi. "Unaona? Ilikuwa inaogopesha tu. Mungwa iko safi."

"Ngoja kwanza, Tantine."

Nilichukua maji ya kulinganishia. Haya nayatengeneza mwenyewe, najua kilichomo, na mashine ikiyaonja lazima itoe tarakimu ileile kila siku. Ikatoa ndogo. Ndogo sana. Sasa nikachanganyikiwa kabisa. Kama chumvi ya shangazi haina kitu, mbona na maji yangu hayana kitu? Nikafikiri gesi inakwisha. Moto ulikuwa wima, bluu, mzuri. Nikafikiri pampu ya hewa. Ilikuwa inanguruma kama kawaida. Nikafikiri labda mimi ndiye niliyekosea kutengeneza yale maji, na kama nilikosea, basi nimekosea tangu lini, na mashamba mangapi ya watu nimeyapimia uongo? Niliinama chini ya meza nikakuta shangazi ameinama pia. Alikuwa anatazama kopo la mabaki kwa uchungu.

"Hii yote munamwaga?" akauliza. "Mungwa ya mutu?" Akataka chupa aibebe nyumbani.

Nikiwa bado namzuia, umeme ukakatika. Moto ukafa, pampu ikanyamaza. Tulikaa tukingoja, nikasema tungoje kidogo tena, mwishowe shangazi akajifunga kikwembe vizuri na kuniaga. Nilimkimbilia mpaka nje. "Tantine, haijaisha. Usimwambie papa kitu." Alikuwa ameshakaa nyuma ya toleka, amemshika mwenye baiskeli kiunoni, na alinipungia mkono kwa furaha.

Nilipofika nyumbani, baba alikuwa ameshakula. Sahani ilikuwa nyeupe. Nilimwambia mashine haijasema kitu. "Yaya ameona na macho yake," akanijibu akimtaja dada yake, bila ubishi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akainuka kwenda kulala, na nikaona anashika ukuta. Nikamuuliza kama miguu inauma. Akasema haiumi, imekuwa milegevu tu. Sikujua kama ninachoogopa ni ugonjwa wake wa kawaida au ni ile chumvi, na hakuna aliyeweza kunijibu.

Asubuhi nilifika maabara kabla ya wote na nikaifungua mashine. Kwenye ncha ya sindano inayopuliza ukungu palikuwa na ukoko mweupe, kama ule unaobaki chini ya sufuria la kuchemshia maji ya mto. Ukoko mwingine ulikuwa kwenye tundu za moto. Chumvi ilikuwa imekauka njiani na kuziba mlango wake yenyewe. Kwa hiyo kadiri nilivyoulisha moto, ndivyo ulivyokuwa ukipata kidogo, mpaka hata maji yangu ya kulinganishia yakakosa njia. Chef alikuja akasimama nyuma yangu. "Umemukaba," akasema tu, akanipa waya mwembamba wa kuzibulia.

Nikasafisha, nikavuta maji matupu mpaka moto ukawa bluu, nikajaribu maji ya kulinganishia. Tarakimu ikarudi mahali pake. Ndipo nikachukua tone la chumvi ya shangazi na kulitia kwenye chupa kubwa ya maji. Lilipotea kabisa, hata ladha usingeipata. Nikachovya mrija. Tarakimu ikapanda na ikakaa. Nikazimua kwa nusu, ikashuka kwa nusu, sawasawa, kama inavyotakiwa. Nikazimua tena, ikafanya vilevile. Nikabadilisha kioo nikatafuta sodiamu, karibu hakuna. Shangazi alikuwa amesema kweli, ile haikuwa chumvi ya duka. Ilikuwa potasiamu karibu yote.

Nilitamani nimekosea. Nilimwomba chef apime mwenyewe, nikageuza uso. Alipima, akazima moto, akaniambia niende nyumbani.

Shangazi alikuwa amekwenda sokoni. Nilimkuta baba peke yake kibarazani, nikamweleza. Sikueleza vizuri. Nilirukaruka, nikaanza na sindano, nikarudi kwenye ukoko, nikaingia kwenye moyo wake. Akaniuliza swali ambalo kila mtu angeuliza. "Jana bila mayi ilisema kidogo. Leo na mayi inasema mingi. Hiyo ni mashine gani?"

"Papa, jana ilikuwa imekabwa! Mtu aliyekabwa anasema?" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Kisha nikalia, kwa hasira na kwa woga, sijui kipi zaidi. "Itakuua. Basi. Itakuua na mimi nitakuwa nimesimama hapa na tarakimu mkononi."

Nilidhani anapima maneno yangu dhidi ya yale ya dada yake, nikajiandaa kubishana tena. Kumbe alikuwa ameshaniamini zamani, alikuwa anawaza jambo lingine.

"Nitaacha," akasema. "Lakini usimwambie yaya."

Sikuelewa.

"Alivuna ile majani yeye mwenyewe, na mugongo yake ile. Akajua ni ile ilikuwa inaniua, hatalala tena mpaka anakufa. Umwambie mashine imeharibika. Miye nitasema mudomo yangu imechoka. Nitaacha polepole."

"Si polepole, papa. Leo."

"Leo," akakubali.

Hivyo ndivyo mimi, niliyekuwa nimewagombeza watu na mashine kwa ajili ya ukweli, nilivyokwenda jikoni kumdanganya shangazi. Alikuwa amerudi, anaparua samaki. "Tantine," nikasema, "mashine imeshindwa. Haijui."

Hakuacha kisu. "Na pale ulitia mayi?"

"Hata pale."

Aliniangalia. Nina uso mbaya wa kudanganyia, kila ninachokificha kinatoka kwenye paji la uso. Nikajifanya natafuta kifuniko. "Bon," akasema, akaendelea na samaki wake.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Baada ya misa shangazi alinikataza kugusa jiko. Akapika wali na samaki, akapakua mwenyewe, akaweka sahani mbele ya baba kwa mikono miwili. Kifurushi cha majani kilikuwa kimefunguliwa kando ya sufuria, na kijiko ndani yake.

"Leo nimetia mungwa ya kutosha, leki," akamwambia baba, mdogo wake. "Kula."

Baba akanitazama. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiri. Akiikataa sahani ile, shangazi atajua kila kitu. Akila, anakula kile nilichokiona motoni. Nikasimama, sijui kufanya nini, labda kuimwaga sahani kwa makusudi na kusema nimeteleza. Baba aliinua kiganja kidogo tu, kunizuia. Akamega kipande cha samaki, kidogo mno, akakitia mdomoni.

Akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena, taratibu, na macho yake yakaenda kwa dada yake na kubaki hapo. Shangazi alikuwa ameinama juu ya sahani yake, anatoa miiba, kana kwamba samaki yule ana miiba kuliko wote wa mto huu.

"Mungwa iko namna gani?" akauliza bila kuinua uso.

"Imetosha, yaya," baba akasema. Sauti yake ilikuwa na maji.

Sikuelewa. Nilinyoosha mkono, kwa utovu wa adabu mbele ya wazee wawili, nikachukua kipande kwenye sahani ya baba na kukila. Hakikuwa na chumvi. Hakikuwa na ya duka wala ya majivu. Nikachukua kingine kwenye sahani ya shangazi, naye hakunizuia. Nacho hakikuwa na kitu.

Nikakaa, nikavuta sahani yangu. Tukala wote watatu, na shangazi akamwongezea baba wali.